Je, jihadi ni nguzo ya sita?

Mtu mmoja alimwendea Abdallah bin Umar, mtoto wa khalifa wa pili, akamuuliza: mbona mwaka huu unahiji, mwaka ujao unafanya umra, na jihadi umeiacha? Zilikuwa zama za fitina, Waislamu wakipigana wao kwa wao. Ibn Umar alimjibu kwa hadithi ya mambo matano ambayo Uislamu umejengwa juu yake. Jihadi haimo. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari, na wengi walioihifadhi hadithi ya nguzo tano tangu chuoni hawajui kwamba iliwahi kuwa jibu la swali hilihili tunalobishania.

Hapo wengine hukimbilia kusema kwamba basi jihadi si faradhi. La hasha. Mafakihi wa Kisunni waliihesabu fardhi kifaya, kama swala ya jeneza: wakiitekeleza wa kutosha, waliobaki hawana dhambi. Adui akiuvamia mji, huwa fardhi ain, yaani ya kila mmoja, kwa wakazi wake. Swala ya adhuhuri, kwa upande wake, haina wa kukuswalia.

Mashia wana hesabu nyingine. Ithnaasharia huitaja jihadi katika furuu (matawi) kumi za dini. Daaim al-Islam, kitabu cha Kadhi al-Nu'man aliyefariki mwaka 974, kinataja nguzo saba, ya mwisho ikiwa jihadi, na Mabohora wa Mombasa na Dar es Salaam wanakifuata hadi leo. Ajabu ni kwamba hao walioipa cheo cha nguzo ndio walioifunga kwa kamba fupi zaidi: vita vya jihadi humtaka Imamu, naye yuko ghaibu.

Kwa hiyo idadi ya nguzo, kwa maoni yangu, haitupi jibu tunalolitafuta. Mwaka 1981 Muhammad Abd al-Salam Faraj, Mmisri aliyesomea umeme, aliandika kijitabu alichokiita Faradhi Iliyotoweka. Hakuhitaji kuongeza nguzo. Alichofanya ni kuihamisha jihadi kutoka kifaya hadi ain, kwa hoja kwamba adui yumo ndani ya nchi tayari: ni mtawala mwenyewe. Kijana, aliandika, haombi ruhusa ya wazazi kwenda vitani, kama asivyoiomba kuswali na kufunga. Na khalifa akikosekana? Waumini wajichagulie kiongozi.

Rais Sadat wa Misri aliuawa na vijana wa Faraj tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo, na Faraj akanyongwa Aprili 1982. Mufti wa Misri, Jad al-Haq, alimjibu kwamba nchi ambayo watu wake wanaswali, wanatoa zaka na wanahiji haiwezi kuitwa ya makafiri. Hoja ilikuwa nzito, ila ilitoka kwa mufti wa serikali, na vijana wa Faraj hawakuwa wakisikiliza upande huo. Angewabana zaidi kwa kanuni ya Ibn Qudama, fakihi wa Kihanbali: uamuzi wa kwenda jihadi umekabidhiwa kiongozi wa umma, na raia humtii katika hilo.