Pompi Inalia: Usingoje Ivunjike

Jamaa nyingi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi haziishi tena na mshahara wa mgodi peke yake. Kuko shamba la mihindi pembeni ya mji, kuko bustani ya mboga, kuko kuku. Na mwenye kupata kidogo anatafuta trakta ndogo, ile ya nguvu za farasi 25 ao 30, mara nyingi iliyokwisha kutumika ngambo. Ni mashini nzuri. Inalima, inavuta remorki, na ndoo yake ya mbele inabeba mbolea kuliko vijana sita wenye majembe.

Shemeji yangu alinunua moja na pesa aliyopewa wakati wa kuacha kazi ya mgodi. Mwezi wa 7 tulikuwa tunapeleka mbolea kwenye bustani. Kwetu Katanga ya juu, asubuhi za mwezi ule ni baridi kweli. Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya bahari, na usiku digri zinaweza kushuka chini ya 10. Kijana aliyeendesha alikuwa akiwasha moteri, anakanyaga mpaka mwisho, na palepale anainua ndoo. Pompi ikaanza kulia, mlio mwembamba sawa wa mbuzi aliyefungwa.

Shemeji akamwuliza: «Mwana, ni nini inalia vile?»

«Aa baba, ni baridi tu ile. Ikipata moto itanyamaza.»

Na kweli ikanyamaza. Kesho yake ikalia tena, ikanyamaza tena. Ikawa hivyo wiki tatu, na hakuna mtu aliyefungua kitu. Mimi vilevile nilikuwa pale, nilisikia, sikusema neno.

Mwezi wa 11 mvua zilianguka. Majirani wote wako wanalima, trakta yetu ikakataa kuinua jembe lake. Moteri nzima, magurudumu mazima, lakini jembe limelala chini sawa jiwe.

Inafaa tujue pompi ya hidroliki inafanya kazi gani. Katika trakta ndogo nyingi, ndani yake mna magurudumu mawili madogo yenye meno, yanazungushwa na moteri. Yanavuta mafuta upande mmoja na kuyasukuma upande mwingine, mpaka kwenye verini, zile bomba zinazoinua jembe na ndoo. Nafasi kati ya meno na ukuta wa pompi ni ndogo sana, hata unywele haupiti. Na yale mafuta yenyewe ndiyo yanalainisha pompi. Pompi haina mafuta mengine. Pakikosa mafuta, ao yakiwa machafu, chuma kinakula chuma.

Sasa ule mlio. Umekwisha kujaribu kunywa munkoyo mzito na mrija mwembamba? Unavuta, unavuta, mashavu yanaingia ndani, kinywani unapata kidogo tu. Pompi pia. Mafuta yakiwa na baridi ni mazito. Filtri ikiwa imejaa uchafu, njia inakuwa nyembamba. Na ukikimbiza moteri, pompi inataka mafuta mengi kuliko yanayofika. Hapo vipovu vinazaliwa ndani ya mafuta, na vikifika upande wa nguvu vinapasuka kwa kishindo na kuuma chuma. Mafundi wa pompi za mgodi wanaita jambo hili kavitasio. Wakati ule pompi inanyamaza kwa sababu mafuta yamepata moto, kidonda kimekwisha kubaki.

Tulipofungua, filtri ilikuwa nyeusi. Mwenye kutuuzia alisema amekwisha kuibadilisha, na sisi tuliamini. Mafuta nayo yalikuwa chini ya alama.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuja kisha. Tulinunua pompi mpya, minervali ya watoto wawili ikaingia mule, na fundi akaifunga jioni ileile ili tuwahi kulima. Hakuna aliyekumbuka kwamba pompi ya zamani, katika kufa kwake, ilitapika vumbi la chuma katika mafuta yote. Vumbi lile lilibaki katika tuyo, katika valvi, chini ya sanduku la vitesi. Pompi mpya ikalinywa. Haikumaliza mwezi. Mihindi tulipanda kwa jembe la mkono, tukiwa tumechelewa, na mavuno yalikuwa vile tulivyostahili.

Kwa hiyo, ukibadilisha pompi: mwaga mafuta yote, safisha sanduku na chujio la ndani, puliza ao osha tuyo, weka filtri mpya. Jaza pompi mafuta kwa mkono mbele ya kuwasha, isizunguke mikavu. Acha moteri kwa ralanti, kisha inua na kushusha polepole mara nyingi mpaka hewa itoke. Kisha masaa machache ya kazi, badilisha filtri tena. Fundi akisema «si lazima», mwambie wewe ndiwe unayelipa.

Watu wa Kipushi hawana haja ya kufundishwa mambo haya. Mgodi wao ulisimama kazi katika 1993, pompi zikabaki zinatoa maji. Katika 2011, kwa kukosa matunzo ya muda mrefu, zilishindwa, na mgodi ukajaa maji. Kazi ya kuyatoa ilifika mpaka njia kuu ya chini mwisho wa 2013, na zinki ilirudi kutoka mwaka 2024 tu.

Turudi kwa trakta. Matunzo mengi hayaombi pesa. Asubuhi ya baridi, washa moteri na iache kwa ralanti, dakika tano, ao kumi kama baridi ni kali, mbele ya kugusa mkono wa kuinulia. Kupima mafuta, simamisha trakta pahali palipo sawa, shusha jembe na ndoo chini, zima moteri, ndipo uvute joji. Ukipima vyombo vikiwa juu, mafuta mengine yamo katika verini, utadhani yamepungua na utazidisha.

Tazama rangi yake. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingia maji, hayana dawa, ni kuyamwaga. Mafuta yenye povu yanaonyesha kwamba hewa inapita upande wa kuvuta: tafuta kolie iliyolegea ao joani iliyokauka kati ya sanduku na pompi. Pale unaweza usione hata tone likianguka chini, sababu hewa inaingia, mafuta hayatoki.

Vumbi letu jekundu ndilo adui wa kila siku. Wamama wanajua kufunika sahani ya bukari. Bidoni ya mafuta nayo ifunikwe vilevile. Panguza kifuniko na shifoni safi mbele ya kukifungua, na vichwa vya tuyo mbele ya kuvifunga. Mafuta yawe ya namna iliyoandikwa katika kitabu cha trakta. Bidoni isiyo na jina, ya bei rahisi kandokando ya barabara, iache palepale. Filtri ya kwanza ya trakta mpya hubadilishwa mapema, mara nyingi kisha masaa 50, kwa sababu meno mapya yanaacha unga wa chuma. Kisha ufuate kitabu.

Vijana wanaoendesha, neno hili ni lenu. Ndoo ikifika mwisho wa njia yake, achilia mkono. Ukiendelea kuushika, mafuta hayana pa kwenda, yanapita kwa valvi ya kulinda na kulia, yanapata moto mkali. Na msiguse ile valvi ili ndoo ibebe zaidi. Kwa trakta nyingine, ukitoa mkono wa mbele inafaa uunganishe tuyo ya kwenda na ya kurudi kama kitabu kinavyoonyesha. Bila hivyo pompi inasukuma ukuta.

Tena, hapana kutafuta tuyo inayovuja kwa kidole. Gurudumu la gari lina nguvu ya bari 2 hivi. Tuyo ya hidroliki inaweza kuwa na 150 na zaidi. Tundu dogo sawa la sindano linatosha kupitisha mafuta ndani ya ngozi. Tumia kipande cha kartoni. Ikikupata, hata kama ni alama ndogo na hauumwi sana, kimbia hospitali saa ileile na useme wazi kwamba ni mafuta ya hidroliki, kwani kungoja mpaka kesho kunaweza kukufanya ukatwe mkono.

Trakta ya shemeji inafanya kazi leo na pompi ya tatu. Kijana ni yuleyule. Asubuhi anaiwasha, anakwenda kunawa uso, na anarudi kuisikiliza mbele ya kupanda.