Picha ya Mchezo Ndani ya Faksi

Wengi wetu huku Tuwan tumewahi kuketi mbele ya kompyuta tukacheza michezo, lakini ni wachache waliojiuliza zile kuta na sakafu za mchezo zinatoka wapi. Ni picha ndogo tu, zinazopangwa bega kwa bega kama vigae. Katika Doom, mchezo uliotoka mwaka wa 1993, picha ya sakafu ina nukta 64 kwenda chini na 64 kwenda kando, na kila nukta huchagua rangi yake kati ya rangi 256. Je, picha hiyo ukiitia kwenye faksi itakuwaje?

Faksi ya kawaida haijui rangi. Inajua nyeusi na nyeupe, basi. Kanuni zake ziitwazo Kundi la Tatu zilikubaliwa mwaka wa 1980, nazo hukata mstari mmoja wa karatasi ya A4 kuwa nukta 1,728. Kuzituma moja moja ni kupoteza wakati, na wakati wa simu ni pesa. Kwa hivyo mashine huhesabu: nyeupe ngapi zimefuatana, kisha nyeusi ngapi, kisha nyeupe tena. Kila hesabu ina alama yake ya sufuri na moja, na hesabu zinazotokea mara nyingi zimepewa alama fupi, kwa mbinu ya Mmarekani David Huffman ya mwaka wa 1952. Nyeusi mbili zikifuatana huandikwa 11 tu. Mstari mtupu, nukta zote 1,728 zikiwa nyeupe, huandikwa kwa tarakimu 17! Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Hebu turudi kwenye sakafu yetu. Rangi huondolewa kwa njia mbili. Unaweza kuweka mpaka: kila nukta iliyokolea kuliko mpaka iwe nyeusi, zilizobaki ziwe nyeupe. Au unanyunyiza nukta, hapa nyeusi pale nyeupe, ili jicho lidanganyike lione kijivu, vile picha za magazeti hufanya. Njia hii ya pili hupendeza macho lakini huichosha faksi. Chukua mstari wa nukta 64. Ukiwa mweupe wote, unahitaji tarakimu 13. Lakini nyeupe na nyeusi zikipokezana moja moja, nyeupe ni 000111 na nyeusi ni 010, yaani tarakimu tisa kwa kila jozi. Jozi ni 32, jumla 288. Ajabu! Tulitaka kubana 64, tumetoka na mara nne na nusu yake, na hapo sijahesabu alama ya mwisho wa mstari.

Kuna atakayesema hayo ya faksi ni ya akina babu. Wapi! Kubana huku kumo hadi leo ndani ya faili za TIFF na PDF, hasa za karatasi zilizoskaniwa kwa nyeusi na nyeupe. Mwaka jana fomu ya basari ya binamu yangu iliskaniwa hivyo katika saiba moja mjini. Muhuri wa chifu ulikuwa wa wino wa zambarau uliofifia, ukaangukia upande mweupe wa mpaka, ukapotea wote. Fomu ikarudishwa, ati haina muhuri, na siku zimebaki mbili tu. Mama mdogo alikuwa karibu kulia. Nikamwambia, "Mama, turudi, wakaskani kwa kijivu." Faili ilitoka nene kuliko ya kwanza, lakini muhuri ulionekana, hata tarehe yake, na fomu ikapokewa.

Na kama ofisi inataka nyeusi na nyeupe peke yake, mwombe anayeskani asogeze mpaka hadi wino utokee. Madoa ya karatasi nayo yatatokea, na kwa kuwa kila doa ni hesabu mpya, faili itanenepa kidogo.