MUUGUZI WA NGAZI YA CHETI ALIYEHAMIA MAREKANI: NJIA YA KUFIKIA DARAJA LA MUUGUZI ALIYESAJILIWA

Muuguzi aliyepata cheti chake nyumbani, akatumikia wodini kwa miaka mingi, kisha akahamia Marekani, hukuta kwamba ujuzi wake hautambuliwi mpaka upimwe upya kwa sheria za huko. Wapo wanaovunjika moyo wakabakia na kazi za kuwatunza wazee majumbani, na wapo wanaotoa fedha kwa mawakala wanaowaahidi njia ya mkato. Maelezo yafuatayo yanaonesha utaratibu ulivyo, ili kila anayehusika ajue pa kuanzia.

Madaraja mawili

Wauguzi wenye leseni nchini Marekani wamegawika katika madaraja mawili makuu. Daraja la chini hujulikana kwa herufi LPN, na katika majimbo ya Texas na California kwa herufi LVN. Mafunzo yake huchukua mwaka mmoja hivi, na mwenye daraja hilo hufanya kazi chini ya uangalizi. Daraja la juu ni RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, ambaye kwa kawaida amesoma chuoni kwa miaka miwili hadi minne.

Muuguzi wa Tanzania mwenye cheti huhesabiwa huko kuwa wa daraja la pili. Mwenye stashahada au shahada ya uuguzi ndiye anayeweza kuhesabiwa wa daraja la kwanza. Jambo la kufahamika mwanzo kabisa ni kwamba kinachompandisha muuguzi ni masomo, si wingi wa miaka ya kazi. Aliyetumikia miaka 20 kwa cheti hawezi kuingia katika mtihani wa RN kwa uzoefu wake pekee.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza ni kujiendeleza nyumbani hadi kupata stashahada kabla ya safari. Masomo hayo sharti yawe na nadharia na mazoezi ya wodini katika uuguzi wa watu wazima, wa wazazi na watoto wachanga, wa watoto, na wa wagonjwa wa akili. Pengo katika somo moja laweza kuyasimamisha maombi mpaka somo hilo lifidiwe.

Njia ya pili ni ya yule aliyekwisha kuhama. Huyo huweza kuomba kwanza leseni ya LPN kwa cheti alichonacho, hati zake zikikubaliwa, na kufanya mtihani wa daraja hilo uitwao NCLEX-PN. Akishapata leseni, huingia katika chuo chenye mafunzo ya kuwapandisha LPN kuwa RN, huku akiendelea kujipatia riziki kwa kazi yake mwenyewe. Jimbo la California lina utaratibu wa pekee unaomruhusu LVN kusoma vipindi visivyozidi 30 vya muhula kisha kufanya mtihani wa RN. Lakini hahesabiwi kuwa mhitimu wa chuo cha uuguzi, na majimbo mengine huweza kumkatalia leseni.

Hati na mtihani

Leseni hutolewa na Baraza la Uuguzi la kila jimbo, wala si na serikali kuu. Kwa hiyo mwombaji achague jimbo kwanza, ndipo asome masharti yake. Majimbo mengi hutaka hati za waliosoma nje zipimwe na taasisi maalumu kama CGFNS, iliyoanzishwa mwaka 1977 na ambayo siku hizi imechukua jina la TruMerit. Aidha, sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 inamtaka muuguzi wa kigeni anayekwenda kwa viza ya kazi yake awe na cheti cha uhakiki wa elimu, leseni na lugha ya Kiingereza.

Hati za matokeo haziletwi kwa mkono wa mwombaji. Hutumwa moja kwa moja na chuo alichosoma, na Baraza la Wauguzi na Wakunga huthibitisha usajili wake. Waliosoma Chuo cha Sayansi za Afya, Mbweni, wakumbuke kwamba chuo hicho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Majina nayo yaangaliwe mapema. Aliyeandikwa Hadija katika cheti na Khadija katika pasipoti atayarishe hati ya kiapo kabla hajaulizwa.

Mtihani wa RN huitwa NCLEX-RN na tangu mwaka 1994 hufanywa kwa kompyuta. Kwa utaratibu ulioanza Aprili 2023, mtahiniwa hupewa maswali kati ya 85 na 150 katika muda usiozidi saa tano. Maswali mengi hupima uamuzi wa muuguzi mbele ya mgonjwa, hivyo kukariri vitabu pekee hakutoshi.

Tahadhari

Mwezi wa Januari 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashitaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza stashahada na hati bandia za uuguzi zipatazo 7,600 kutoka vyuo vitatu vya jimbo la Florida. Baada ya hapo mabaraza ya majimbo mbalimbali yalifuta leseni za walioshukiwa kuzinunua. Njia ya mwongo ni fupi, na katika kazi hii anayeumia si mwongo peke yake, bali na mgonjwa aliyelala mbele yake.

Wauguzi wanaokusudia kuhama wanashauriwa kukusanya hati zao zote wangali nyumbani, chuo na Baraza vikiwa karibu. Walioko huko tayari wanashauriwa kuliandikia Baraza la Uuguzi la jimbo lao kabla ya kumlipa wakala yeyote.