Gitare inatoa mlio wa « zzz »: usikimbilie tupa

Kwenye sebene, gitare ya solo inapanda juu ya shingo. Nyuzi zikigonga freti, noti zinakufa. Wengine wanachukua tupa mara moja. Hatari: chuma kikishakatwa hakirudi.

Sikiliza kwanza kwenye ampli. Kama mlio hausikiki hapo, acha hivyo.

Ukisikika, weka nyuzi mpya, uakorde. Finya uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, uangalie kwenye ya 7. Nafasi ya milimita 0,25, yaani unene wa uzi mwembamba wa 10, inatosha. Uzi ukigusa, legeza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo ya mzunguko tu. Nafasi ikizidi, kaza robo. Akorde tena, upime upya.

Kisha pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: karibu milimita 2 kwa uzi mnene, 1,6 kwa mwembamba. Zikiwa chini, zipandishe kwa vizi za daraja.

Mlio ukibaki sehemu moja tu, pengine kuna freti iliyoinuka. Hiyo sasa ni kazi ya fundi.