Hilux Kuukuu Ikianza Kumisi

Injini ya pikapu ya zamani ikianza kutetemeka, mshtakiwa wa kwanza gereji huwa ni kabureta. Boneti likishafunguliwa, bisibisi inatoka mfukoni, skrubu inazungushwa nusu kulia, nusu kushoto, mlio unabadilika kidogo, mwenye gari anatabasamu na kulipa. Wiki haijaisha, karudi. Mimi kabureta huiweka mwisho kabisa wa foleni. Ikishachezewa kabla ya vingine kuchunguzwa, ushahidi umeharibika: hutajua tena kama unatafuta tatizo ulilokuja nalo au lile ulilotengenezewa pale pale.

Mfano wangu ni Toyota Hilux ya petroli yenye injini ya 22R, ile ya silinda nne na ujazo wa sisi 2,366, ambayo Hilux nyingi zimeibeba tangu miaka ya 1980. Ina kamshafti moja juu ya silinda hedi, inayozungushwa na cheni, ina distributa, na ina kabureta ya koo mbili. Hakuna kompyuta ya kuchomekea mashine ikakusomea kosa. Unachohitaji ni masikio, pua, tochi, mita ya umeme, fila geji na geji ya kompresheni. Mwenye Datsun au Peugeot 504 ya petroli atapita njia hiyo hiyo. Zitakazobadilika ni tarakimu.

Anza nyuma ya gari, kwenye bomba la moshi, kabla hujafungua boneti. Injini ikiwa sailensi, bila mguu kwenye pedali ya mafuta, huzunguka karibu mara 800 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo silinda moja inawaka mara 400 kwa dakika, karibu mara saba kila sekunde. Silinda moja ikifa, pengo lake linarudi kwa mpangilio ule ule, na moshi unatoka kwa kuchechemea: pu-pu-pu, kimya, pu-pu-pu, kimya. Lakini mapengo yakija ovyo, mara mawili mfululizo, mara hakuna kwa sekunde kadhaa, basi usitafute silinda mbovu. Tafuta kitu ambacho silinda zote nne zinakitegemea: koili, rota ya distributa, mafuta, au hewa inayoingia kwa wizi.

Na mlio ukiwa sawa kabisa pale nyuma, huku ndani usukani unatikisika na vioo vinagongana? Hiyo injini haimisi. Maunting zake zimechoka, mpira umepasuka au umelainishwa na oili, na mtikisiko wa kawaida unapita moja kwa moja kwenye chesisi. Nimeona watu wakinunua seti nzima ya plagi na nyaya kwa ugonjwa wa maunting mbili.

Swali la pili ni lini. Injini inayotetemeka ikiwa sailensi lakini inatulia ukikanyaga mafuta huwa inaiba hewa mahali, au tapeti zimebana, au njia ndogo ya mafuta ya sailensi imeziba. Sababu ni rahisi. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo kwenye mpira linaingiza sehemu kubwa ya hewa yote. Ukifungua mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Gari linalomisi likiwa na mzigo mlimani lina hadithi nyingine. Hapo silinda inajazwa zaidi, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji umeme wenye nguvu kubwa zaidi kuruka mwanya wa plagi. Waya uliopasuka au koili dhaifu, ambayo bondeni ilijikongoja, inashindwa hapo. Kama inakata baada ya kilomita kadhaa kisha inawaka tena baada ya kupumzika, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na pampu imekuwa ikivuta mafuta kutoka kwenye tangi lisiloingiza hewa.

Baada ya hapo ndipo unaitafuta silinda yenye kosa. Zima injini, chomoa waya wa plagi ya kwanza, ile iliyo upande wa rejeta, uuchomeke kwenye plagi ya akiba iliyofungwa vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Washa, sikiliza. Silinda ikiwa nzima, injini itashuka na kutetemeka zaidi, kwa kuwa umemwondoa mfanyakazi. Zima, rudisha, nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ile ambayo ukiitoa hakuna kinachobadilika ndiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Mafundi wengi huchomoa waya injini ikiwa inawaka na kuuacha unaning'inia. Sikushauri. Umeme ule unaumiza, na kwenye distributa ya kielektroniki unaweza kuua moduli ambayo bei yake itakufanya uutamani ule mmiso wa awali.

Ukiipata silinda, bado usiende dukani. Hamisha plagi yake kwenye silinda jirani. Mmiso ukihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, hamisha waya, kama urefu unaruhusu. Ukibaki palepale baada ya vyote viwili, umeshajua bila kutumia hata shilingi kwamba tatizo liko kwenye kifuniko cha distributa, au kwenye hewa inayoingia karibu na silinda hiyo, au ndani ya silinda yenyewe.

Plagi zenyewe zisome mara zinapotoka. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Weusi wenye utelezi ni oili inayopenya. Weupe wa chokaa ni joto kali na mafuta haba. Plagi iliyolowa petroli haikupata cheche. Mwanya kwenye 22R ni milimita 0.8, na plagi mpya kutoka boksini nayo ipimwe, maana kuanguka kwake mara moja kunatosha kuubana.

Kwa nyaya kuna kipimo cha bure ambacho bado hakijapitwa: subiri usiku, zima taa zote, fungua boneti injini ikiwa inawaka, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji. Waya uliochoka utaonyesha vicheche vya buluu vikirukia kwenye chuma. Mchana tumia mita. Kiwango cha Toyota ni kwamba kila waya usizidi omu 25,000. Fungua na kifuniko cha distributa ukaangalie ndani kwa tochi, utafute mstari mweusi mwembamba kama wa penseli kutoka nguzo moja hadi nyingine. Huo ni ufa ambao umeme umejichongea njia, na hausafishiki. Kama matatizo yameanza siku ile ile gari lilipotoka kufanyiwa matengenezo, hakiki mpangilio wa nyaya kwanza: 1-3-4-2, ukifuata mwelekeo wa mkono wa saa.

Sasa hewa. Injini ya zamani ina mipira mingi myembamba inayotoka kwenye manifoldi, na joto la miaka thelathini huigeuza kuwa migumu na yenye nyufa. Ibane kwa koleo mmoja mmoja, polepole, injini ikiwa sailensi. Ukiubana mmoja na mlio ukatulia, umeupata. Kisha kanyaga breki bila kuachia: sailensi ikibadilika na kubaki hivyo, busta ya breki inavuja, na hapo suala limeshavuka kutetemeka, limekuwa usalama. Eneo linalosahaulika sana ni chini ya kabureta, kwenye kile kipande cheusi kinachokinga joto kati yake na manifoldi. Hupinda, hupasuka, na boliti zake hulegea. Wapo wanaonyunyizia petroli hapo ili kusikia kama mlio utabadilika, jambo ambalo limeshachoma magari. Maji yanatosha: yakiziba ufa kwa sekunde mbili, injini itakuambia.

Upande wa mafuta sina mengi. Toa mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo, yaache yatulie. Maji yatakaa chini na utayaona. Chujio libadilishwe, ni bei ndogo. Kabureta ya 22R ina kidirisha cha kioo mbele, na mafuta yanatakiwa yaonekane katikati yake. Yakiwa chini, shuku pampu iliyo kwenye silinda hedi, au chujio, kabla ya kushuku kabureta. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hushusha okteni, nayo injini hugonga mlimani kwa sauti kavu. Tabia hiyo iliwahi kuwa kero kiasi kwamba Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili kuchanganya kusiwe na faida.

Kuhusu tapeti nina ugomvi wa muda mrefu na wateja. Mtu analeta 22R inayolia tik-tik-tik na anataka ninyamazishe. Injini hii hupimwa ikiwa ya moto: vali za kuingiza milimita 0.20, za kutolea moshi 0.30. Kwa mwanya huo lazima kuwe na mlio kidogo, na mlio huo ni mzuri. Vali ya kutolea moshi hupoa kila inapofunga na kugusa kiti chake. Huko ndiko joto lake linakohamia kwenye silinda hedi. Kadiri miaka inavyokwenda, vali na kiti hulika, vali inapanda juu, mwanya unapungua, na injini inazidi kuwa kimya. Mwenyewe anafurahi. Mwanya ukiisha, vali haifungi sawasawa, haipoi, na ukingo wake unaungua. Dalili ya kwanza ni sailensi inayochechemea ambayo plagi mpya haiponyi. Weka kipande cha karatasi kwenye mdomo wa bomba la moshi: karatasi inayosukumwa tu ni sawa, ila ikiwa mara kwa mara inavutwa kurudi ndani, anza kushuku vali iliyoungua.

Karatasi inatoa fununu tu. Hukumu hutolewa na geji ya kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote nne zitolewe, waya wa koili uchomolewe, betri iwe imejaa, na pedali ikanyagwe hadi chini wakati unapiga stata. Kitabu cha Toyota kinasema 171 psi kwa injini nzima, 142 kuwa mwisho wa uvumilivu, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Tarakimu hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi au Mbeya, kwenye mita kama 1,700, kanieneo ya hewa imepungua karibu sehemu moja ya tano, na injini isiyo na kasoro inaweza kusoma 140 tu. Wapo waliofungua injini nzima kwa sababu ya milima. Ukiwa juu huko, tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Kompresheni ikipanda sana, ringi zimelika. Isipopanda, ni vali. Na silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi imepasuka katikati yao.

Kila kitu kikiwa sawa hadi hapa, karibu kabureta. Hata hapo, anza na waya. Pembeni mwake kuna solenoidi inayofungua njia ya mafuta ya sailensi. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya wake na kuugusisha tena. Usiposikia mlio mdogo wa "ta", sailensi haitapatikana kwa skrubu yoyote. Ukiusikia, ikaze skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi ikome huku ukihesabu mizunguko, uandike idadi yake, kisha uirudishe ilipokuwa. Injini ikiwa na moto na eya klina imefungwa, ifungue hadi mizunguko ya injini ifike juu kabisa, kisha ibane kidogo kabla mlio haujaanza kushuka.

Skrubu hiyo inatawala sailensi peke yake. Mwendoni zinatawala jeti, na jeti hazijui kwamba umepanda mlima. Gari lililopangwa Dar es Salaam likifika Mbeya linapata hewa nyepesi kwa asilimia kama 15 huku mafuta hayapungui kwa kiwango hicho, ndiyo maana plagi zinakuwa nyeusi. Mafundi wa nyanda za juu hufunga jeti ndogo zaidi, na wako sahihi. Tatizo ni safari ya kurudi. Hilux iliyoishi miaka mingi Mbeya ikiuzwa Tanga inakunywa mafuta haba kwenye hewa nzito, inachemka, na vali zake zinaungua mapema. Ukilinunua gari kama hilo na plagi zikatoka nyeupe, fungua kabureta usome namba zilizochongwa kwenye jeti, uzilinganishe na za kitabu.