Kabla ya Kununua Jengo la Maduka, Pima Pato Lake

Mtumishi anapostaafu, na habari za kiinua mgongo chake zikaenea mtaani, wageni huongezeka nyumbani kwake. Huja jamaa wenye shida ya ada za shule, huja marafiki wenye mipango ya biashara, na mwisho huja dalali mwenye picha za jengo. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yangu mdogo, aliyefundisha katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini na kumaliza utumishi wake akiwa mwalimu mkuu.

Jengo aliloletewa lilikuwa la vyumba vinane vya maduka, katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka. Bei yake ilikuwa shilingi 120,000,000. Baba mdogo alikuwa na 60,000,000 za kiinua mgongo, na 20,000,000 nyingine angezipata kwa kuuza ng'ombe. Zilizosalia, shilingi 40,000,000, angezikopa katika chama cha akiba na mikopo kwa kuweka rehani shamba la nyumbani. Kwa hiyo jasho la maisha yake yote, pamoja na mahali anapolala mkewe, vilikuwa vinaingizwa katika hesabu moja. Yafaa basi tuitazame hesabu hiyo kwa makini, kwa kuwa familia nyingi hukutana nayo, na nyingi huikubali kabla hazijashika kalamu.

Hesabu ya dalali

Dalali alieleza hivi. Kila chumba hulipiwa pango la shilingi 200,000 kwa mwezi. Vyumba vinane huleta 1,600,000 kwa mwezi, yaani 19,200,000 kwa mwaka. Ukigawanya fedha hizo kwa bei ya jengo, unapata 16 kwa mia. "Mzee," alisema, "baada ya miaka sita na miezi michache fedha yako yote imerudi, na jengo limebaki lako na watoto wako."

Kikao cha ukoo kiliketi siku ya Jumapili, na wengi wetu tulikwisha kuridhika. Aliyevunja ukimya alikuwa shangazi, ambaye ameuza nguo sokoni tangu ujana wake. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, nilipita pale wiki iliyopita. Kile chumba cha pembeni chenye kufuli lililoota kutu, pango lake analipa nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Hapo ndipo tulipoamua kwamba hesabu ifanywe upya.

Kipimo chenyewe

Wanunuzi wa majengo ya biashara katika miji mikubwa ya dunia wana kipimo wanachokitumia kabla ya kujadiliana bei. Huchukua pato halisi la jengo kwa mwaka mmoja, hulizidisha kwa mia, kisha huligawanya kwa bei ya jengo. Jawabu huonyesha kila shilingi mia iliyowekwa katika jengo inazaa shilingi ngapi kwa mwaka. Katika makala haya tutakiita kipimo hicho kiwango cha pato.

Neno la kuzingatia hapa ni "halisi". Pato halisi si pango lililoandikwa katika mikataba. Ni pango lililokwisha kuingia mkononi, likaondolewa gharama zote za kuliendesha jengo. Riba ya mkopo haihesabiwi katika hatua hii, wala kodi ya mapato ya mwenye jengo, kwa sababu hizo hutegemea hali ya mnunuzi. Kipimo hiki hulitazama jengo lenyewe, awe amelinunua tajiri au maskini, kwa fedha taslimu au kwa deni.

Baba mdogo alikwenda katika mji ule mara tatu, akazungumza na wapangaji mmoja mmoja, akaandika katika daftari kama alivyozoea kuandika mahudhurio ya wanafunzi. Aligundua kwamba chumba chenye kufuli kilikuwa kitupu mwaka mzima. Chumba kingine kilikaa bila mpangaji kwa miezi mitatu, na fundi cherehani mmoja aliondoka usiku akiwa na deni la miezi mitatu. Badala ya miezi 96 ya pango, lililolipwa lilikuwa pango la miezi 78 tu, yaani shilingi 15,600,000.

Zikafuata gharama. Mlinzi wa usiku alichukua 1,800,000 kwa mwaka. Kuzoa takataka na kunyonya choo, 720,000. Matengenezo ya paa, milango na mabomba, 1,500,000. Kodi ya majengo inayotozwa na halmashauri ya mji, 600,000. Bima ya moto, 360,000. Mtu wa kukusanya pango na kusimamia jengo, 1,020,000. Jumla ilikuwa 6,000,000.

Ukiondoa 6,000,000 katika 15,600,000, pato halisi ni 9,600,000. Gawanya kwa 120,000,000, nawe utapata 8 kwa mia. Jengo lilelile lililosifiwa kuwa la 16 lilikuwa la 8. Dalali hakusema uongo kuhusu pango la chumba. Alihesabu tu mwaka ambao jengo lile halikuwahi kuuona.

Kutoka pato hadi bei

Faida kubwa ya kipimo hiki ni kwamba hesabu yake hugeuzwa. Ukijua pato halisi la jengo, na ukijua wanunuzi wa mji ule hudai kiwango gani, unaweza kupata bei inayostahili.

Baba mdogo aliulizia majengo matatu ya aina ileile yaliyouzwa karibuni mjini humo. Kwa kadiri alivyoweza kupata bei na mapato yao, viwango vilikuwa kati ya 11 na 13 kwa mia. Tukachukua 12 iliyo katikati. Shilingi 9,600,000 zikizidishwa kwa mia na kugawanywa kwa 12 ni 80,000,000. Muuzaji alikuwa anadai 40,000,000 zaidi ya yale ambayo jengo lilistahili kwa pato lake. Na ajabu ni kwamba kiasi hicho kilikuwa sawasawa na mkopo ambao baba mdogo alitaka kuuchukua kwa rehani ya shamba.

Tuutazame mkopo huo. Chama kilitoza riba ya 18 kwa mia kwa mwaka. Kwa deni la 40,000,000, riba ya mwaka, kabla deni lenyewe halijapungua, ni 7,200,000. Ukiitoa katika pato la 9,600,000, zinabaki 2,400,000. Bado hujalipa hata shilingi moja ya deni lenyewe. Tena bado serikali haijachukua haki yake: kwa marekebisho ya sheria yaliyoanza Julai 2022, mtu binafsi nchini Uganda hulipa 12 kwa mia ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa matengenezo wala mlinzi. Kwa pango la 15,600,000, kodi hiyo ni 1,533,600. Kanuni ni nyepesi kuikumbuka: jengo linalozaa 8 haliwezi kulilisha deni linalokula 18. Tofauti hutoka mfukoni mwa mwenye nyumba, na mfuko ukikauka, hutoka shambani.

Kiwango kikubwa si heri daima

Msomaji anaweza kudhani kwamba kazi yake sasa ni kutafuta jengo lenye kiwango kikubwa kuliko yote. La. Kiwango kikubwa aghalabu ni bei ya hatari. Wanunuzi hukubali kiwango kidogo pale wanapoamini kwamba wapangaji watadumu na pango litapanda. Hudai kiwango kikubwa pale wanapoona mashaka. Kwa hiyo kila unapokuta jengo linalozaa kupita majirani zake, jiulize wenzako wameogopa nini.

Dalali aliyekataliwa mara ya kwanza alirudi na jengo la pili, lenye kiwango cha 14 kwa mia baada ya gharama zote. Hesabu ilikuwa safi. Lakini Katiba ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi nchini Uganda: ya kimila, ya kudumu, ya mailo na ya kukodi kwa muda. Uchunguzi katika ofisi ya ardhi ulionyesha kwamba kiwanja hicho kilikuwa cha kukodi, na muda uliosalia ni miaka 9. Shilingi 14 kwa miaka 9 ni 126. Iwapo muda hautaongezwa, mnunuzi aliyetoa shilingi 100 atakuwa amerudishiwa 126 katika miaka 9 yote na kubaki bila kiwanja. Faida ni 26, isiyofika 3 kwa mwaka. Kile kiliyoitwa pato kilikuwa, kwa sehemu kubwa, mtaji wake mwenyewe ukirudishwa kidogo kidogo.

Hata jengo la kwanza lilikuwa na siri yake. Vyumba vitatu kati ya vinane vilipangwa na kambi ya wajenzi wa barabara, mmoja kwa ofisi na viwili kwa ghala. Walikuwa walipaji wazuri kupita wote. Lakini barabara hujengwa ikaisha. Vyumba hivyo vitatu vikifungwa mwaka mmoja, shilingi 7,200,000 hutoweka, na pato halisi hushuka hadi 2,400,000, yaani 2 kwa mia ya bei iliyotakiwa. Kwa sababu hiyo tulikubaliana kwamba 80,000,000 iwe kikomo cha juu kabisa, wala isiwe mahali pa kuanzia mazungumzo.

Riba na bei ya majengo

Kiwango cha pato hakiishi peke yake. Huishi jirani na riba. Benki Kuu ya Uganda huuza hati za dhamana za serikali, na mwananchi huweza kuanza kwa shilingi 100,000. Mwaka 2024 hati za miaka kumi zilitoa zaidi ya 15 kwa mia kwa mwaka, bila mlinzi, bila choo cha kunyonya, bila mpangaji wa kukimbia usiku. Anayenunua jengo la 8 kwa mia anapaswa aweze kueleza kwa nini ameacha 15. Sababu njema zaweza kuwapo: pango hupanda mwaka hadi mwaka na thamani ya kiwanja huongezeka, ilhali fedha iliyo katika hati hurudi ileile huku bei za vitu zimepanda. Lakini sababu hizo ziandikwe, zisiwe matumaini tu.

Riba inapopanda, wanunuzi hudai kiwango kikubwa, na bei za majengo hushuka hata kama pango halijabadilika. Jambo hilo lilionekana wazi nchini Marekani. Mwezi Machi 2022 benki kuu ya nchi hiyo ilianza kupandisha riba iliyokuwa karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya 5.25 na 5.50 kwa mia. Chukua mfano wa jengo lenye pato halisi la dola 1,000,000. Wanunuzi wakiridhika na 4 kwa mia, bei yake ni dola 25,000,000. Wakidai 6, bei ni karibu dola 16,700,000. Hakuna tofali lililoondolewa, wala mpangaji aliyehama. Majengo ya ofisi yaliumia zaidi, kwa kuwa wafanyakazi wengi waliozoea kufanyia kazi nyumbani wakati wa ugonjwa wa Covid-19 hawakurudi ofisini kama zamani; pato lilipungua na kiwango kikapanda kwa wakati mmoja.

Mwisho wa safari ya baba mdogo

Baba mdogo alitoa bei ya 75,000,000. Muuzaji alikasirika, akasema mwalimu anataka kununua jengo kwa chaki. Baadaye jengo lilichukuliwa na mfanyabiashara mwingine. Wajenzi wa barabara walikwisha kuondoka nilipopita mara ya mwisho, na milango yao mitatu ilikuwa imefungwa.

Sisemi hayo kwa furaha, kwani aliyenunua naye ana watoto. Wala baba mdogo hakutoka katika jambo hili bila majuto; alilipenda jengo lile, na hadi leo akipita hapo hugeuza shingo kulitazama. Lakini ng'ombe wake wako zizini na shamba halina rehani. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo ameiweka katika hati za serikali, na kwa iliyosalia amejenga vyumba viwili vya duka katika kiwanja chake mwenyewe, karibu na shule aliyoifundisha. Daftari la vyumba hivyo analiweka shangazi.

Ndugu msomaji, ukiletewa jengo, omba kuonyeshwa stakabadhi za pango za miaka miwili, si mikataba pekee. Hesabu milango iliyofungwa. Andika kila gharama, hata ya balbu. Itazame hati ya ardhi katika ofisi husika kabla ya kutoa malipo yoyote. Kisha gawanya, ulinganishe na riba ya mkopo na ya hati za serikali. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba daftari lafaa lifunguliwe kabla mali haijanunuliwa.