Je, Mshale wa Gari Lako Wasema Kweli?

Wewe mkulima mwenye Land Rover kuukuu ya kupelekea maziwa au viazi, umepata kuona mshale wa mafuta na mshale wa joto ikipanda pamoja, ingawa tangi halikujazwa wala injini haikuchemka? Usikimbilie kununua rejeta.

Katika Land Rover za miaka ya 1970, nyuma ya dashibodi mna kikopo kidogo cha bati. Kazi yake ni kushusha umeme wa betri, volti 12 na zaidi, uwe kama volti 10. Hukata umeme na kuurudisha, hukata na kuurudisha, wala mshale hauoni tofauti, kwa maana ndani ya geji mna ukanda wa madini mawili uliozungushiwa waya. Waya ukipata moto, ukanda hupinda na kuusukuma mshale polepole, kama mzee apandaye mlima. Kikopo kisiposhika bodi vizuri kwa ajili ya kutu, umeme wote wa betri hupita, na mishale yote miwili husema zaidi ya kweli. Parura kutu kwanza.

Siku hizi mafundi hukiondoa kikopo hicho na kuweka kidude cha elektroniki cha volti 10, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Ni kazi njema. Lakini fundi atazame ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi, maana gari nyingine za Uingereza za kabla ya miaka hiyo zilifungwa upande wa chanya, na kidude kikifungwa kinyume huungua.

Wako pia wanaotoa injini ya zamani na kutia dizeli ya Kijapani. Hapo kipimio cha joto cha injini mpya hakipatani na geji ya zamani, na fundi hodari huweka kati yao kompyuta ndogo ya kadi moja, isomayo kipimio na kuuamuru mshale. Fahamu basi kwamba mshale huo huonyesha ulichoagizwa tu. Hata katika magari mengi ya sasa, watengenezaji huuagiza mshale wa joto usimame katikati ijapokuwa joto linapanda na kushuka, dereva asipate wasiwasi. Wewe upandaye mlima na mzigo haifai ufichwe hivyo. Kichwa cha silinda kikipinda, maziwa yatalala njiani na fedha za mbolea zitakwenda gereji.

Kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Injini ikiwa baridi, fundi akitoe kipimio, akiunge na waya zake na bodi, akitumbukize katika sufuria ya maji ya moto yaliyochemshwa mbali na gari. Tia kipimajoto humo (kile cha homa hakifai), usome mshale maji yanapopoa: digrii 90, 80, 70. Usidhani maji yakichemka ni digrii 100! Huku Kinangop, karibu mita 2,500 juu ya bahari, huchemka karibu na digrii 92.

Kwa mafuta, anza na tangi tupu mahali tambarare, tia lita 5 kisha 5, ukingoja mshale utulie kila mara.

Tena udai taa nyekundu ya joto yenye kipimio chake peke yake, isiyopitia kompyuta ile. Mwanga wa buluu na mshale uchezao ufunguo unapogeuzwa ni hiari yako. Taa hiyo isikose.